Pa Kulala Mtafiti: Uchaguzi wa Makazi ya Muda Kibera na Kawangware

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapojiandaa kwenda Nairobi kukusanya data, pendekezo lake la utafiti huwa limeshughulikia karibu kila jambo: mada, maswali, nadharia, sampuli na hojaji. Jambo moja ambalo aghalabu halionekani katika sura yoyote ya pendekezo hilo ni mahali atakapolala. Huachwa liamuliwe na jamaa, na bahati, au na kiasi cha pesa kitakachosalia. Matokeo yake yamekwisha kuzoeleka. Mtafiti hulala Ngara au Kilimani, hupanda matatu saa tatu asubuhi, hufika mtaani wakati watu wengi wamekwisha kwenda kazini, huwahoji waliobaki, na saa kumi jioni huondoka kabla ya msongamano wa magari. Lugha anayorudi nayo chuoni ni lugha ya mchana, tena ya watu walioketi mbele ya kinasa sauti wakijua kwamba wanasikilizwa. Lugha ya foleni ya maji, ya kibanda cha chapati saa mbili usiku, au ya majirani wanaogombea kamba ya kuanikia nguo, haimo.

Makala haya yanaeleza jinsi mgeni wa majuma machache anavyoweza kuchagua mahali pa kukaa katika mitaa miwili ya Nairobi ambayo wanaisimu huipendelea, yaani Kibera na Kawangware. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba mgeni hapaswi kuchagua mtaa kwa jina lake, bali ploti. Na kwamba hawezi kuijua ploti asipoyaelewa maneno ambayo wenyeji huitumia kuieleza. Maneno hayo ni ya Kiswahili, lakini si kila mara Kiswahili ambacho mwanafunzi kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au hata Mombasa amekizoea. Kosa dogo la fasiri humgharimu mgeni kodi ya mwezi mzima.

Majina mawili na sifa zake

Kibera iko kusini ya barabara ya Ngong, na Kawangware iko kaskazini yake, upande wa magharibi wa mitaa ya wenye nafasi ya Kilimani na Lavington. Historia zake hazifanani hata kidogo.

Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi wa hapo ni wazawa wa askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles na kuruhusiwa kukaa katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza sehemu hiyo kuwa hifadhi ya kijeshi. Kinubi ni krioli yenye msingi wa Kiarabu, nayo ilichunguzwa na Bernd Heine katika kitabu cha mwaka 1982 kinachoitaja Kibera katika anwani yake. Kwa hiyo mtaa ambao leo wanafunzi huuendea kwa ajili ya Sheng ulianza na lugha nyingine kabisa, na lugha hiyo bado husikika Makina, karibu na msikiti.

Kawangware ni jina la Kikuyu, na hufasiriwa kuwa mahali pa ngware, ndege wa jamii ya kwale. Ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, nje ya jiji, hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Tofauti hii ya ardhi ya jeshi kwa upande mmoja na ardhi ya wakulima kwa upande mwingine itarejelewa hapa chini, kwa kuwa ndiyo inayoeleza mambo mengi ambayo mgeni huyaona bila kujua chanzo chake.

Kwa sifa, Kibera imeipita Kawangware mbali. Kwa miaka mingi magazeti na mashirika yalirudia kwamba mtaa huo una watu milioni moja na zaidi. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 170,070. Sifa haikupungua kwa sababu hiyo. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa humo. Januari 2007, maandamano ya kufungua Kongamano la Kijamii la Dunia yalianzia humo, na mwezi huohuo Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu mpya wa Umoja wa Mataifa, akautembelea. Wageni wa kutazama tu waliongezeka hivi kwamba Kennedy Odede, aliyekulia Kibera na kuasisi shirika la SHOFCO, aliandika katika gazeti la New York Times Agosti 2010 akizipinga ziara hizo kwa kuufanya umaskini kuwa kiburudisho.

Suala hili linamhusu mtafiti wa lugha moja kwa moja. Mkazi ambaye amehojiwa mara nyingi na watu wenye kalamu huwa na majibu yaliyokwisha kunyooka. Hujua ni Kiswahili cha aina gani mgeni anakitaka, naye humpa hicho. Akidhani mgeni ametoka katika shirika, husema kwa msamiati wa mashirika: "changamoto", "uhamasishaji", "vijana wetu". Akidhani ni mwanafunzi wa Sheng, humpakulia Sheng nzito kuliko anayoitumia na mkewe. Mgeni anayelala pale kwa majuma matatu huanza kusahauliwa kufikia juma la pili, na hapo ndipo data inapoanza. Kawangware, isiyozongwa na wageni kiasi hicho, humsahau upesi zaidi. Hii ni sababu ya kwanza ya kutoichagua Kibera kwa kuwa tu inajulikana.

Maneno ya kutafutia chumba

Mgeni kutoka Tanzania akifika Kawangware akauliza hoteli iko wapi, ataonyeshwa kibanda chenye karai la mafuta, chapati na sufuria ya maharagwe. Katika Kiswahili cha mitaa ya Nairobi hoteli ni mahali pa kula. Pa kulala ni lojing, ambayo kwao Tanzania ni gesti. Hata hivyo, lojing nyingi za mitaani ziko ghorofani juu ya baa, na wateja wake wengi si watu wa kukaa. Kwa usiku wa kwanza, mgeni akiwa amefika kwa basi la usiku, inafaa. Kwa majuma matatu ni ghali, haina mahali pa kupikia, na, jambo lililo kubwa kwa mtafiti, haina jirani.

Akianza kutafuta chumba cha mwezi atakutana na neno nyumba. Mkazi wa Kibera akisema, "Nimepata nyumba," kwa kawaida amepata chumba kimoja, pengine cha futi 10 kwa 10. Msikilizaji wa Dar es Salaam, ambaye hutenganisha nyumba na chumba bila kufikiri, hutazamia sebule na uga. Si sahihi kuliita tumizi hili upotoshaji wa lugha. Chumba hicho ndicho jiko, ndicho sebule, ndicho malazi. Ni nyumba kwa kila sifa isipokuwa ukubwa, na lugha imeifuata hali ya watu. Vijana huiita keja. Ikiwa choo kiko nje na cha kushirikiana, chumba ni singo. Kikiwa na choo na sinki ndani kinaitwa bedsita, na hapo kodi hupanda mara moja. Mgeni asiyeijua tofauti ya maneno haya mawili hukubaliana bei kwa simu akiwa bado nyumbani, kisha hushangaa anapokabidhiwa ufunguo wa chumba na ufunguo wa pili, wa choo, uliofungwa kwenye kijiti.

Ploti nayo yahitaji maelezo marefu kidogo. Tanzania, ploti au kiwanja ni ardhi tupu inayosubiri kujengwa. Nairobi, ploti ni majengo yenyewe: safu mbili za vyumba vinavyotazamana, njia nyembamba katikati yenye kamba za nguo, lango moja linalofungwa usiku, bomba au tangi moja la maji, na choo mwishoni. Ploti huwa na jina, mara nyingi la mwenyewe au la mama wa watoto wake, na mtu hutambulishwa kwayo: "yule wa ploti ya Mama fulani". Kwa mwanaisimu hakuna kitengo cha utafiti kilicho tayari kuliko hiki. Nyuma ya kila mlango huzungumzwa Kiluhya, Kikamba, Kijaluo, Kikisii au Kikuyu. Njiani kati ya milango huzungumzwa Kiswahili, kwa sababu majirani hawana lugha nyingine ya pamoja. Na langoni, wanakokaa vijana, huanza Sheng. Mtu mmoja huzivuka lugha hizo tatu akienda tu kumwaga maji. Mtafiti aliyepanga chumba cha katikati ya safu husikia mivuko hiyo bila kumwuliza mtu swali lolote. Inampasa, bila shaka, kuwaambia majirani kazi yake, na kutonasa sauti ya mtu bila ridhaa. Ukaribu haumpi haki ya kuiba maneno.

Kitenzi chenyewe cha biashara hii kina utata. Katika Kiswahili sanifu anayelipa hukodi au hupanga, na anayelipwa hukodisha au hupangisha. Nairobi, kukodisha hutumiwa kwa pande zote mbili, hivi kwamba mtu akisema "nakodisha chumba," ni muktadha tu unaoamua kama anakitafuta au anakitoa. Kadhalika kodi: nchini Kenya ni pesa za mwenye nyumba na pia za serikali, wakati neno pango lingeliondoa utata huo. Wapo walimu wanaotaka wanafunzi wao wayasahihishe matumizi haya wanapoyasikia. Mtafiti mwenye busara huyaandika kwanza.

Ardhi iliyo chini ya chumba

Tofauti kubwa kati ya mitaa hii miwili haionekani kwa macho ya mgeni, maana iko chini ya sakafu. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Aliyejenga vyumba anamiliki kuta na mabati. Udongo chini yake si wake kisheria, ingawa amekuwa akipokea kodi kwa miaka mingi. Mtu asiye na hakika ya kesho hajengi kwa mawe. Ndiyo sababu vyumba vingi vya Kibera ni vya udongo uliokandikwa kwenye fito, au vya mabati matupu, na ndiyo sababu hata ukarabati mdogo huahirishwa. Jamii ya Wanubi, baada ya kudai kwa muda mrefu, ilipewa hatimiliki ya ekari 288 mwezi Juni 2017, lakini hiyo ni sehemu tu ya eneo zima.

Kawangware, ikiwa imetokana na mashamba ya watu binafsi, ina wamiliki wenye hati. Humo mabati na ghorofa za mawe husimama bega kwa bega, kwa sababu kila mwenye ardhi hujenga kwa kadiri ya mfuko wake. Mgeni anayetaka bedsita yenye mlango wa chuma na mita ya stima atampata mwenye nayo upesi zaidi Kawangware kuliko ndani ya vijiji vya Kibera. (Wakazi wa Kibera huziita sehemu za mtaa wao vijiji: Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba, Silanga, Mashimoni na vinginevyo. Neno hilo katikati ya jiji kuu lingestahili makala yake peke yake.)

Hatari za mitaa hii nazo hufuata ardhi. Julai 2018 tingatinga za serikali zilibomoa nyumba, shule na makanisa Kibera ili kupitisha barabara ya kuunganisha barabara ya Ngong na ya Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Mpangaji aliyekuwa amelipa kodi ya mwezi huo hakuwa na wa kumdai. Vyumba vilivyo kando kabisa ya reli, au juu ya kingo za mto unaoelekea bwawa la Nairobi, viko katika hali hiyohiyo, na vya mtoni vina mafuriko zaidi ya hayo. Kawangware, mvunjaji aghalabu ni mwenye ardhi mwenyewe, anapoamua kuangusha mabati ajenge ghorofa. Kwa mgeni wa majuma manne hatari hii ni ndogo, lakini ni vyema aulize kama ploti ina mpango wa kujengwa upya. Hakuna anayependa kuamka akisikia nyundo juu ya paa.

Iko pia historia ya ugomvi wa kodi, ambayo mgeni hana budi kuijua kabla ya kuanza kuwauliza watu wanalipa kiasi gani. Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya viongozi wa kisiasa kutangaza kwamba kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba waliingia katika mapigano, watu wakauawa na wengine kukimbia. Kwa kuwa wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi na wapangaji wengi Wajaluo, mgogoro wa pesa ulivaa sura ya kabila. Tangu hapo swali "Unalipa kodi ngapi?" si swali jepesi Kibera. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kaya 92 kati ya kila 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi zilikuwa za wapangaji. Hata neno mwenyeji, basi, linataka hadhari: anayempokea mgeni mlangoni naye ni mpangaji kwa mtu mwingine, ambaye huenda haishi mtaani humo kabisa.

Ya kuulizwa kabla ya kulipa

Chumba huangaliwa mchana lakini hujulikana jioni. Mwenye kukitafuta afike mara mbili: mara ya kwanza saa nane mchana kuziona kuta, mara ya pili saa moja jioni, wakati kila mtu amerudi, kuiona foleni.

La kwanza ni maji. Swali "Kuna maji?" halina faida, maana jibu lake siku zote ni ndiyo. Swali lenye faida ni siku gani maji huja, na mtungi ni pesa ngapi yasipokuja. Mtungi hapa si chombo cha udongo bali ni kile cha plastiki cha lita 20 ambacho Tanzania huitwa dumu. Kibera, maji mengi hununuliwa vibandani kwa mtungi, na mipira inayoyaleta hupita mitaroni, jambo ambalo SHOFCO ilijaribu kulikwepa kwa kupitisha mabomba angani juu ya nguzo. Mgeni ayachemshe maji, au anunue ya kunywa.

La pili ni choo, na hapa aibu iwekwe kando. Ni vyumba vingapi vinavyotumia choo kimoja? Hufungwa usiku? Mahali pengine choo kiko nje ya lango na ni cha kulipia, kama vile vituo vilivyojengwa Kibera na shirika la Umande Trust ambavyo huzalisha gesi ya kupikia kutokana na taka za choo. Ni vituo vizuri, lakini havimfai mtu mwenye tumbo bovu saa tisa usiku. Mwanamke anayefanya utafiti peke yake alipe swali hili uzito kuliko jingine lolote, na akilazimika kuchagua kati ya ukuta wa mawe na choo kilicho ndani ya lango, achague choo.

La tatu ni stima, ambayo kwa Mtanzania ni umeme. Neno lenyewe lina asili ya injini za mvuke, na linaendelea kuishi Kenya muda mrefu baada ya mvuke wenyewe kwisha. Aulize kama stima ni ya mita au ya sambaza. Sambaza ni kitenzi cha kawaida kilichogeuzwa kuwa jina la stima iliyounganishwa kwa njia isiyo halali na kugawiwa vyumbani kwa malipo ya mwezi. Ni rahisi, hukatika ghafla msako unapofika, na nyaya zake zimewahi kuunguza vyumba. Mtafiti mwenye kompyuta asiitumie.

Usafiri hauhitaji maneno mengi. Kawangware hufikwa kwa matatu za nambari 46, ambayo imekuwa jina la kituo na la sehemu yenyewe, hata mtu huweza kusema anaishi "Forty-six" bila kutaja Kawangware. Kibera ina njia zaidi ya moja, na wakazi wengi huenda kazini Industrial Area kwa miguu. Nauli ya Nairobi hubadilika kwa saa na kwa mvua, kwa hiyo mgeni asiipangie bajeti kwa bei ya mchana.

Malipo na utambulisho

Makubaliano mengi ni ya mdomo. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, iliweka ulinzi na baraza la kusikiliza kesi za nyumba ambazo kodi yake haikuzidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inatambua haki ya kila mtu kupata makao ya kufaa. Lakini mgeni wa mwezi mmoja hatafika barazani. Ulinzi wake uko katika jinsi anavyolipa. Asimpe pesa taslimu mtu aliyekutana naye langoni akijiita mwenye ploti. Amwulize mpangaji mmoja au wawili ni nani anayepokea kodi, kisha alipe kwa M-Pesa, ambayo tangu mwaka 2007 imekuwa ikiwapa Wakenya risiti ambayo wenye nyumba hawakuwapa: jina la mpokeaji, kiasi na saa. Jina likitofautiana na lile lililotajwa na majirani, aulize kabla ya kutuma kodi yote. Kawangware atadaiwa mara nyingi dipoziti ya mwezi mmoja juu ya kodi. Katika vyumba vya udongo vya Kibera mara nyingi haidaiwi.

Njia nyingine, iliyo bora kwa utafiti mfupi, ni kukaa na familia kwa malipo. Watu wengi huiepuka kwa sababu ya haya, maana mila hazipendi mgeni alipishwe. Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inafahamika mno hivi kwamba hakuna anayeifasiri upya katika mazingira ya chumba cha futi 10. Jembe la Nairobi ni unga, mafuta, makaa na mtungi wa maji. Mgeni anayelala katika chumba ambacho watoto wawili wamehamishiwa kwa jirani ili apate nafasi anailia familia gharama halisi, hata kama mama wa nyumba anatabasamu. Kiasi kitajwe mapema, tena kitajwe na mgeni, kwa sababu mwenyeji hatakitaja. Na kisiitwe "shukrani", neno lisilo na kima. Kiitwe pesa za chakula na za kulala, kwa juma.

Mgeni aliyekwisha kupata pa kulala hana budi kujitambulisha. Kibali cha utafiti cha NACOSTI ni sharti la kisheria, lakini mtaani karatasi hiyo haisomwi na watu wengi. Kinachosomwa ni nani aliyekuja naye. Aende kwa chifu, na aonane na mwenyekiti wa nyumba kumi. Mwanafunzi wa Tanzania atalitambua jina hili: Kenya iliuanzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, ikiazima mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi uliokuwapo Tanzania tangu zama za TANU. Jina lilivuka mpaka bila tafsiri, na hiyo yenyewe ni data.

Usiku, na majira

Usalama ni swali ambalo kila mzazi na kila msimamizi huuliza kwanza, na ambalo hujibiwa vibaya kuliko yote, kwa kuwa hujibiwa kwa jina la mtaa. Wakazi wenyewe hawasemi Kibera ni salama au si salama. Husema njia hii hadi saa tatu, ile hadi saa moja; daraja lile usilivuke peke yako. Elimu hiyo haimo katika ramani yoyote, na ni majirani wa ploti tu wanaoitoa, tena kwa mtu waliyemwona akipanga foleni nao. Kwa hiyo majuma ya mgeni yaanzie mapema jioni: afunge mlango saa moja kwa siku tatu za kwanza, kisha aongeze saa kadiri anavyoongezewa habari.

Muda wa mwaka nao ni sehemu ya uchaguzi. Mvua za Aprili na Mei hufanya njia za udongo zisipitike. Majira ya uchaguzi mkuu ni jambo zito zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikumbwa na ghasia zilizong'oa reli na kuteketeza soko la Toi. Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, ghasia ziliikumba Kawangware. Katika miezi hiyo lafudhi ya mtu na jina lake huwa habari ya kisiasa, na mtafiti anayetembea akiwauliza watu wanazungumza lugha gani nyumbani anauliza kabila lao, atake asitake. Hojaji yenye swali la lugha ya kwanza iahirishwe hadi mwaka mwingine.

Palipo na nafasi ya kuchagua kwa uhuru, mwenye kuchunguza Kinubi au athari zake katika Kiswahili cha Nairobi akae Makina. Hakuna mahali pengine pa kumfaa. Mwenye kuchunguza Sheng, uhamishaji msimbo au Kiswahili cha wahamiaji kutoka magharibi mwa Kenya atapata Kawangware, sehemu za Gatina au Kongo, ploti yenye wasemaji wa lugha nyingi, lango linalofungwa na stima ya mita, na majirani ambao hawajachoshwa na maswali.

Siku za mwisho zina desturi zake. Dipoziti hairudi kwa urahisi. Mwenye ploti husema itarudi mpangaji mwingine akipatikana, na mgeni amekwisha kukata tiketi ya basi. Wenyeji hulimaliza jambo hili mapema. Wanapolipa kodi ya kwanza, humwambia mwenye ploti mbele ya jirani kwamba mwezi wa mwisho watakaa na dipoziti. Mgeni wa majuma sita anaweza kusema vivyo hivyo, kwa maneno hayohayo, na ufunguo wa choo aukabidhi kwa jirani wa mlango unaofuata.